Kisigino

Jumatatu makumbusho hufungiwa umma,
hufunguliwa sisi wanne wenye vibali.
Mlinzi Wannes hutandaza futi yake ya fundi cherehani
juu ya turubai langu, anahesabu kwa midomo:
nakala isilingane na asili, ndiyo sheria yao,
ipungue robo, ili asiwepo wa kudanganywa.
Pima, Wannes. Mimi mwenyewe sidanganyiki.

Miaka thelathini na mmoja nyuma ya meza ya bucha
hapa Ghent, kule Brugse Poort, miguu kwenye vigae vyenye maji,
nimeuza ulimi, figo, mbavu, paja kwa kilo.
Mume wangu alipofariki niliuza na visu,
vyote ila kimoja.
Sasa nimekaa mbele ya paja nisiloweza kumpimia mtu.

Ni mwanamke ukingoni mwa birika, anajikausha mguu.
Aliyemchora hajulikani. Kibao kinasema "pengine Napoli",
na hilo "pengine" ndilo lililonifanya nimchague.

Mwalimu Odilon akaniambia: Godelieve, usichore mwanamke.
Weka kwanza udongo wa kijani, na weupe, basi.
Nikaweka. Wiki tatu akawa maiti mikononi mwangu,
mwenye rangi ya nyama iliyosahauliwa tangu Ijumaa,
ambayo dukani ningeitupa, nikasugua meza kwa siki.
"Vumilia," akasema, "damu inakuja juu yake."
Kisha akanipa kanuni ya mafuta:
konda chini, nono juu,
nono likitangulia, tabaka la juu litapasuka.
Akaanza kunieleza sababu. Nikacheka.
Konda na nono: hayo ndiyo yaliyonilisha.

Na kweli damu ilikuja.
Wekundu mwembamba kama chai iliyochujwa mara mbili,
nikaupitisha juu ya ule ukijani wa goti
na goti likashtuka,
likawa la mtu mwenye baridi.
Nilirudi nyuma hatua mbili nikaomba radhi, sijui kwa nani.

Lakini kisigino, kisigino kilinikataa.
Nimekichora kikawa kiazi. Nimekikwangua.
Kikawa kitasa cha mlango. Nimekikwangua,
kwa kile kisu nilichobakiza.
Mara sita. Mwiga tembo hupasuka msamba,
nikajiambia, na wangu umeshachoka.

Saa tisa alasiri, Januari, jua la hapa likiwa limelala chini
hupenya dirisha la kushoto kwa dakika kama kumi,
likaikwaruza picha kutoka ubavuni.
Ndipo nikakiona: chini ya taulo, ndani ya kivuli,
kisigino kingine.
Chepesi, cha moshi, kimekaa mahali pasipo pake.
Yule wa "pengine" aliuweka mguu hapo kwanza,
akautazama, akaona haya, akaufunika, akaupandisha.
Kumbe hata tembo alipasuka, akashona,
akapaka rangi juu ya mshono.

Basi sikuanza na kilicho sawa.
Nilichora kwanza kosa lake, kwa uangalifu wote,
nikaliacha likauke juma zima,
likinitazama kutoka pale, baya, la kweli.
Jumatatu iliyofuata, nilipoanza kulifunika,
Wannes aliacha kiti chake.
"Mbona unakifuta? Kilikuwa kimetoka vizuri."
"Hata yeye aliambiwa hivyo," nikasema,
ingawa sijui kama aliambiwa.

Usiku, nyumbani, nimevua soksi.
Vigae vya bucha vimeacha nyufa kwenye nyayo zangu.
Nimeinua mguu juu ya beseni, taulo mkononi,
nikabaki nimekaa hivyo, nikitafuta
ni wapi hasa kijani kinaanza.